Modeli ya Meli ya Zamani: Itambue Kwanza, Ndipo Uitengeneze

Adui mkubwa wa modeli ya zamani ya meli ni mtu aliyeipata jana na leo tayari ana kopo la rangi mkononi. Ana nia njema, hilo halina ubishi. Lakini rangi iliyobabuka, uzi uliooza, vumbi lililoganda kwenye pembe za sitaha na herufi mbili tatu zilizobaki tezini (upande wa nyuma wa meli) ndivyo vitakavyokuambia hiyo ni meli gani, ya miaka ipi, na modeli yenyewe ilitoka mikononi mwa nani. Ukishasugua, ushahidi umekwenda na maji. Ndiyo maana zaidi ya nusu ya mwongozo huu ni utambuzi. Gundi na brashi vitasubiri zamu yao.

Ninazungumzia meli za biashara: za mizigo, za abiria, za mafuta. Manowari zina mashabiki wengi na hazihitaji msaada wangu.

Kabla ya kugusa chochote

Tandika shuka jeupe mezani. Weupe una sababu: kipande cha shaba chenye ukubwa wa punje ya mtama kikidondoka, utakiona. Kila kinachodondoka kitie kwenye kifuko chake na uandike kilikotoka, kwa mfano "ubavu wa kulia, karibu na mlango wa pili wa ngama" (chumba cha mizigo). Usijidanganye kwamba utakumbuka.

Beba modeli kwa kushika kiwiliwili chake, mikono miwili chini, karibu na mkuku (uti wa chini wa meli). Usiishike kwa mlingoti, reli wala dohani (bomba la moshi). Vaa glavu za mpira na barakoa, kwa kuwa rangi nyingi za kabla ya miaka ya 1970 zina madini ya risasi, na vifaa vidogo vya sitaha mara nyingi vimemiminwa kwa risasi hiyohiyo. Vumbi lake si la kuvuta puani, na meza hiyo isiwe ya kulia chakula mpaka kazi iishe. Kwa sababu hiyohiyo, usipige msasa mkavu juu ya rangi ya zamani hata mara moja.

Sasa piga picha. Simama mbali, kamera iwe usawa wa sitaha, kisha vuta kwa lenzi. Ukisogea karibu, omo (upande wa mbele) na tezi hujipinda kwenye picha na vipimo utakavyovitoa humo vitakuwa vya uongo. Weka rula ndani ya kila picha. Piga pande zote mbili, mbele, nyuma na juu. Halafu piga kila mahali kamba inapofungwa, na zile zilizokatika uzipige kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa hizo ndizo utakazolazimika kuzirudisha.

Nani aliitengeneza, na kwa kazi gani?

Watu hukimbilia kuuliza "ni meli gani?" wakati swali la kwanza ni "ni modeli ya aina gani?" Jibu la hilo la pili huamua kama la kwanza lina jibu kabisa.

Modeli za viwanda vya meli ndizo zinazotafutwa zaidi. Kiwanda kiliagiza modeli kwa ajili ya mwenye meli, au kwa maonyesho, na mafundi wake walifanya kazi hiyo tu. Kiwiliwili ni laini kama kioo, na vifaa vya sitaha (winchi, nguzo za kufungia kamba, mabomba ya hewa) ni vya shaba iliyochongwa kwenye mashine kisha kupakwa fedha au dhahabu. Hakuna meli iliyowahi kuwa na winchi za dhahabu baharini. Ukiziona kwenye modeli, karibu hakika unatazama kazi ya kiwanda. Skeli za kawaida katika viwanda vya Uingereza na Marekani ni 1:48 na 1:96, yaani robo inchi kwa kila futi, au nusu ya hiyo. Viwanda vinavyopima kwa mita vilipendelea 1:50 na 1:100.

Kuna nusu-modeli pia, upande mmoja tu wa meli uliobandikwa kwenye ubao. Ikiwa ni mbao tupu za tabaka zilizoshikiliwa kwa vigingi, huenda ilitumika kupangia umbo la meli kabla michoro haijachorwa. Ikiwa imekamilika kwa kila kitu na nyuma yake kuna kioo cha kujitazamia, ilikuwa ya kuonyeshwa: kioo ndicho kinachokamilisha upande wa pili.

Modeli za madirisha ya mawakala wa safari zina rangi kali na vifaa vichache, kwa sababu zilitazamwa na mpita njia kutoka barabarani. Modeli ya baharia utaitambua kwa kinyume chake: kamba ziko sahihi hadi fundo la mwisho, lakini kiwiliwili kimenenepa na milingoti imezidi unene. Mtu huyu aliishi juu ya sitaha. Umbo la chini ya maji hakuliona ila meli ilipokuwa gudini, nje ya maji. Zipo za bati, za kuchezea, zenye tundu la ufunguo wa kujaza springi. Zipo ndogo za chuma kilichomiminwa, zilizokatwa usawa wa maji, kwa skeli ya 1:1200 huko Uingereza na 1:1250 huko Ujerumani.

Na zipo za mapambo, zilizotengenezwa kwa wingi: mbao zimepakwa rangi ya kahawia iliyokoza, kamba nene za namna moja kila mahali, tanga gumu, madirisha ya kutobolewa tu. Nyuma yake hakuna meli halisi. Isafishe, iweke rafuni, usipoteze miezi kutafuta jina.

Dalili moja ndogo inayosaidia sana: tazama skrubu za kitako. Skrubu yenye kichwa cha msalaba haikuenea kabla ya miaka ya 1930. Ukiikuta kwenye modeli ya meli ya 1890, ama modeli imetengenezwa baadaye sana, ama kuna mtu ameshaifungua kabla yako.

Soma umbo kabla ya kusoma jina

Jina hudanganya. Huandikwa upya na mjukuu, hubuniwa na muuzaji, au huhamishwa kutoka meli moja kwenda nyingine. Umbo ni gumu zaidi kulighushi, kwa hiyo anza nalo.

Omo iliyosimama wima kama ukuta ni ya kawaida kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 hadi miaka ya 1930. Baada ya hapo omo zilianza kulala mbele. Ukiona uvimbe chini ya mstari wa maji, kumbuka kwamba meli ya abiria Bremen ya Ujerumani ilikuwa nao mwaka 1929, lakini kwenye meli za mizigo jambo hilo lilienea kuanzia miaka ya 1960. Tezi iliyochomoza nyuma juu ya usukani ni ya zamani zaidi. Tezi ya mviringo inayoshuka hadi majini ilishika nafasi yake kati ya vita viwili vya dunia. Tezi iliyokatwa bapa ni ya miaka ya 1960 na kuendelea.

Daraja la nahodha liko wapi? Kwa miongo mingi meli ya mizigo ilikuwa na sehemu tatu zilizoinuka, yaani omo, katikati na tezi, huku daraja na dohani vikikaa katikati. Meli za mafuta zilitangulia kupeleka injini nyuma. Za mizigo zilifuata kwa wingi baada ya vita vya pili. Kama daraja na dohani vyote viko tezini na mbele kuna sitaha ndefu ya milango ya ngama, uko nusu ya pili ya karne ya 20. Kama kuna makontena, ni vigumu kurudi nyuma ya 1956, mwaka ambao Ideal X ilibeba makontena 58 kutoka Newark hadi Houston.

Meli ya injini isiyo na dohani isikushangaze wala usidhani imepotea. Selandia ya Denmaki, iliyoanza kazi mwaka 1912, ilitoa moshi wa injini zake za dizeli kupitia mlingotini, na nyingine kadhaa zikaiga. Meli ya mvuke yenye foromali za kutundikia matanga nayo si kosa la fundi. Katika karne ya 19 wenye meli hawakuwa bado wameziamini injini moja kwa moja.

Kisha tazama vitu vidogo. Rada kwenye meli ya biashara ni ya baada ya 1945. Mashua za kuokolea maisha zilizopangwa kwa wingi pande zote huashiria miaka iliyofuata kuzama kwa Titanic mwaka 1912, na mashua zilizofunikwa juu kabisa zilikuwa lazima kwa meli mpya za mizigo kuanzia 1986. Ile duara yenye mstari katikati ubavuni, alama ya Plimsoll inayoonyesha kikomo cha kupakia mizigo, iliwekwa na sheria ya Uingereza mwaka 1876. Namba ya IMO (shirika la kimataifa la usafiri wa baharini) ya tarakimu 7 iliyoandikwa waziwazi kwenye kiwiliwili ni ya karne hii, kuanzia 2004.

Kanuni yenyewe ni kwamba modeli haiwezi kuwa ya zamani kuliko kifaa chake kipya zaidi kilicho cha asili. Tia mkazo kwenye "cha asili". Wenye meli waliweza kurudisha modeli kwa fundi ili iongezwe rada pale meli yenyewe ilipoongezwa rada. Angalia tundu la kifaa hicho: kama limetobolewa juu ya rangi na kingo zake zinaonyesha mbao mbichi, kimekuja baadaye. Kukosekana kwa kitu hakuthibitishi lolote; mafundi wengi hawakuchora alama ya Plimsoll hata kidogo.

Pima, kisha gawanya

Hapa ndipo ninapopapenda kuliko kote, kwa sababu hesabu ndogo ya shule ya msingi hufanya kazi ambayo jina lililoandikwa kwa dhahabu haliwezi.

Pima urefu wote kutoka ncha ya omo hadi ncha ya tezi, na upana mahali palipo pana zaidi. Gawanya urefu kwa upana. Jibu hilo halitegemei skeli: liwe la modeli ya sentimita 20 au la meli yenyewe, namba ni ileile.

Tuseme modeli ina urefu wa sentimita 140.2 na upana wa sentimita 18.1. Uwiano ni 7.75. Sasa tafuta skeli. Reli ya meli halisi hufika kiunoni au juu yake kidogo, kama mita 1 hadi 1.1. Mlango una kama mita 1.8. Kwenye modeli yetu reli ina milimita 11 na mlango milimita 19. Reli inasema skeli iko kati ya 1:90 na 1:100. Mlango unasema karibu na 1:95. Skeli iliyozoeleka inayoangukia humo ni 1:96. Zidisha: sentimita 140.2 mara 96 ni mita 134.6, na upana unatoka mita 17.4.

Mita 134.6 kwa 17.4 hivi. Ngama tano, milingoti mitatu yenye mikono ya kunyanyulia mizigo, dohani moja katikati, tezi ya mviringo. Hizo ni sifa za Liberty, meli za mizigo ambazo Marekani ilijenga 2,710 kati ya 1941 na 1945: urefu mita 134.57, upana mita 17.3. Dada zake waliofuata, meli za Victory, zilikuwa na kama mita 138.7 kwa 18.9, uwiano wa 7.3. Tofauti ya 7.3 na 7.75 unaiona kwa rula ya kawaida, hata kama hujui skeli.

Umeshajua aina, meli ipi kati ya hizo 2,710 ni suala jingine, na kwa kundi kubwa kama hilo pengine hutafika kamwe. Kwa meli zilizojengwa moja moja, uwiano huo pamoja na idadi ya ngama, milingoti na mashua huweza kukufikisha kwenye jina.

Tahadhari moja kuhusu urefu. Daftari nyingi za zamani hazitoi urefu wote, bali urefu kati ya mistari miwili ya wima, mmoja omoni na mwingine kwenye mhimili wa usukani. Kwa Liberty urefu huo ni takriban mita 127. Asiyejua hilo ataikataa meli sahihi kwa sababu imepungukiwa mita saba.

Dohani, herufi na kibao

Dohani ilikuwa tangazo la kampuni. Nyekundu yenye juu nyeusi ni Cunard. Buluu yenye juu nyeusi ni meli za Alfred Holt, ambazo watu waliziita Blue Funnel. Nyeusi yenye mistari miwili myeupe ni British India. Nyeusi yenye mistari miwili myekundu ni Clan Line. Dohani nyekundu yenye juu nyeusi juu ya kiwiliwili cha kijivu cha urujuani ni Union-Castle, na hapo ndipo unapoona kwamba dohani peke yake haitoshi: Cunard na Union-Castle zina dohani zinazofanana, kinachozitenganisha ni kiwiliwili. Kampuni hubadilika pia. P&O ilikuwa na dohani nyeusi hadi Strathnaver ilipotoka mwaka 1931, nyeupe mwili mzima na dohani za manjano hafifu.

Usiamini rangi ya juu mpaka umeona za chini. Tafuta mahali paliponyofoka, tazama kingo kwa kioo cha kukuzia, uhesabu tabaka. Mstari mweupe ulio chini ya rangi ya dohani nyeusi tii unaweza kuokoa mwezi mzima wa utafutaji.

Herufi zilizofunikwa na rangi zina ujanja wake. Zima taa zote. Shika tochi ubavuni mwa tezi, mwanga ulale sambamba na mbao, uizungushe polepole. Rangi ya herufi ina unene wake, na hata ikipakwa juu mara mbili, kingo zake hutupa kivuli chembamba. Piga picha kwa kila pembe ya mwanga kisha uzitazame pamoja. Tochi ya urujuanimno nayo husaidia: vanishi ya zamani ya shelaki huwaka rangi ya chungwa, na viraka vilivyopakwa karibuni mara nyingi huonekana kama madoa meusi.

Huhitaji jina zima. Tezini huandikwa jina na chini yake bandari ya usajili, na bandari peke yake hupunguza orodha kwa kiasi kikubwa. Kampuni nazo zilikuwa na mazoea katika kutoa majina. Clan Line ilianza kila jina kwa "Clan". Blue Funnel walichukua mashujaa wa hadithi za Kigiriki. British India walipenda majina yanayoishia na "a": Karanja, Kampala, Uganda. Ukipata "…ANJA" kwenye tezi ya modeli yenye dohani nyeusi na mistari miwili myeupe, hujafika mwisho, lakini mlango umefunguka.

Bendera ndogo ya kampuni ni ushahidi dhaifu, kwa sababu ndiyo inayobadilishwa kirahisi. Kibao cha shaba kwenye kitako ni ushahidi mzuri, hasa kikiwa na jina la kiwanda na namba ya ujenzi. Namba hiyo ni bora kuliko jina: meli moja hubadilishwa majina kila inapouzwa, ila namba yake ya kiwandani haibadiliki. Geuza kitako uangalie chini, na ndani ya kabati la kioo pia. Lebo za maonyesho na karatasi za wasafirishaji hujificha huko.

Sasa nenda kwenye daftari

Daftari la meli la Lloyd's Register lilianza kuchapishwa mwaka 1764, na juzuu zake nyingi zimetiwa kwenye intaneti bure. Jumba la makumbusho la Mystic Seaport huko Marekani limefanya vivyo hivyo kwa daftari za Kimarekani. Kwa meli zilizojengwa Scotland ipo kanzidata ya umma inayopekuliwa kwa kiwanda na kwa namba ya ujenzi. National Maritime Museum ya Greenwich na Riverside Museum ya Glasgow zina modeli nyingi za viwanda, na kulinganisha vifaa vya sitaha na vya modeli yako kunaweza kukuonyesha karakana iliyozitengeneza.

Ukiwaandikia wahifadhi wa makumbusho, peleka picha ya ubavu yenye rula, vipimo vyako, uwiano, na picha za kibao na tezi. Usiulize bei, wengi wao hawaruhusiwi kujibu, na barua yako itawekwa kando.

Meli nyingi za kampuni zilijengwa mbili, tatu, hata sita zinazofanana, na modeli moja iliwakilisha zote. "Mojawapo ya dada wanne hawa" ni jibu kamili. Katika daftari lako andika kila hitimisho kwa ngazi yake: hakika, yamkini, au dhana. Usichanganye.

Chunguza maradhi yake

Unga mweupe kwenye nanga, mashua au mabomba ya hewa si vumbi. Ni risasi inayooza. Mvuke wa asidi ya asetiki unaotoka kwenye mbao za kabati, mwaloni hasa, pia plaiwudi, mbao za unga na baadhi ya gundi na rangi, huigeuza risasi kuwa unga wa kabonati, na unga huo ni sumu. Ajabu yake ni kwamba modeli iliyofungiwa vizuri ndiyo inayoumwa zaidi, kwa sababu mvuke hauna pa kutokea. Usiupulize. Toa modeli kabatini, futa unga kwa pamba yenye unyevu, itupe pamba kwenye mfuko uliofungwa. Kipande kilichokwisha kabisa kitolewe nakala kabla hakijasagika.

Modeli ndogo za aloi ya zinki za miaka ya 1930 hupata nyufa, huvimba na kupinda kutokana na uchafu uliokuwa ndani ya madini. Dawa haipo. Zitenge, uzipime na kuzipiga picha mapema.

Madirisha au maboya ya seluloidi yaliyogeuka manjano na kunata ni hatari ya moto, na hutoa mvuke unaokula shaba ya jirani. Hayo yaondoke, yahifadhiwe peke yake mbali na joto. Mashimo madogo yenye unga mpya wa mbao chini yake ni wadudu walio hai: funga modeli kwenye mfuko wa plastiki, iweke mbali na nyingine, na utafute mhifadhi kabla ya kumwaga dawa yoyote.

Kusafisha

Anza na kavu. Brashi laini ya rangi za maji mkono mmoja, mdomo wa kifyonza vumbi mkono mwingine, umeufunika kwa kitambaa cha wavu ili kisimeze nanga. Nguvu iwe ya chini kabisa. Shuka kutoka milingotini hadi sitahani.

Uchafu uliobaki jaribu kwa mate. Sisemi mzaha, makumbusho hutumia njia hii, kwa kuwa mate yana vimeng'enya vinavyoyeyusha uchafu bila kuigusa rangi nyingi. Lowesha kijiti cha pamba ulimini, kiviringishe juu ya rangi bila kusugua, kitupe. Kijiti kilichogusa modeli hakirudi mdomoni, na kumbuka ile risasi. Kwa eneo kubwa tumia maji yaliyokenekwa yenye tone moja la sabuni isiyo na rangi wala manukato, ukianzia mahali pasipoonekana. Rangi ikihamia kwenye pamba, simama hapohapo.

Spiriti huyeyusha shelaki, kwa hiyo isikaribie vanishi ya zamani. Dawa ya kusafishia madirisha ina amonia na hula shaba. Na dawa ya kung'arishia vyuma iache kabatini: upako wa fedha kwenye vifaa hivi ni mwembamba mno, ukiung'arisha mara mbili tatu unabaki na shaba tupu na unga mweupe kwenye kila kona.

Mbao na gundi

Gundi iwe ile ambayo mtu atakayekuja baada yako anaweza kuifungua. Kwa mbao tumia gundi ya ngozi au ya samaki, inayolainika kwa maji ya uvuguvugu. Kwa chuma na mchanganyiko wa vitu tumia Paraloid B-72, resini ya akriliki inayoyeyuka kwa asetoni, lakini jaribu kwanza maana asetoni hula rangi. Epoksi na supaglu ni za haraka, na haraka hiyo ndiyo hasara yake.

Mpasuko mrefu kwenye kiwiliwili ulioko tangu zamani usiulazimishe kufunga kwa vibanio. Mbao zimeshasinyaa, utafunga hapa ipasuke pale. Jaza kwa kijisehemu chembamba cha mbao laini, au uache.

Kamba

Kamba isiyokatika usiibadilishe kwa sababu tu ni chafu. Iliyodhoofika inaweza kupakwa Paraloid nyepesi sana kwa ncha ya brashi, ikapata nguvu ya miaka mingi.

Iliyokatika, pata unene wake kwanza. Chukua kipande chake, kizungushe mara kumi kwenye kijiti, mizunguko ikikaribiana, pima upana wote, gawanya kwa kumi. Tazama pia imesokotwa kuelekea kulia au kushoto. Tafuta uzi wa kitani au pamba wenye unene na msokoto huo. Nailoni huvutika na kulegea. Paka rangi uzi kabla ya kuufunga, maana ukiupaka ukiwa mahali pake utachafua sitaha.

Fanya kutoka ndani kwenda nje na kutoka chini kwenda juu, ama sivyo utajifungia njia. Kamba zinazoshikilia mlingoti zifunge mbili mbili, ya kulia na ya kushoto, na baada ya kila jozi uende ukatazame mlingoti ukiwa mbele ya omo. Usikaze sana, kamba ya pamba au kitani hujikaza yenyewe unyevu ukipanda, na inaweza kuvuta mlingoti mwembamba ukapinda. Fundo lishikwe kwa tone la gundi nyeupe ya mbao iliyopunguzwa maji, kwa ncha ya sindano. Ukilitia supaglu, uzi hugeuka mgumu kama waya na hukatika palepale gundi inapoishia.

Rangi na vilivyopotea

Jaza rangi pale tu ilipotoka. Paka kwanza vanishi nyembamba ya kutenganisha, kisha rangi ya akriliki juu yake, ndani ya jeraha pekee, bila kuvuka kwenye rangi ya asili. Kiraka kikikaribia rangi ya zamani kwa asilimia tisini hivi, acha. Jicho halikitambui kwa umbali wa mita moja, na mtafiti akikitafuta atakiona.

Kifaa kilichopotea kitengenezwe tu kama una ushahidi wa kilivyokuwa: tundu sitahani, alama ya gundi, pacha wake upande wa pili, au picha ya meli halisi. Pacha kwa kawaida ndiye bora. Pima, chonga, au mimina resini kwenye kalibu ya silikoni iliyotolewa kwa pacha, ikiwa rangi ya pacha huyo haibabuki. Chini ya kila kipande kipya andika mwaka. Kama ushahidi hakuna, tundu libaki tundu.

Kabati na faili

Kabati jipya liwe la kioo au akriliki na chuma kilichopakwa rangi ya unga, lenye matundu ya hewa. Kama kabati la asili ni la mwaloni na ni sehemu ya historia ya modeli, lihifadhi pamoja nayo, lakini ongeza matundu na uweke mfuko wa mkaa maalumu wa kufyonza mvuke chini ya kitako. Taa zikae nje. Epusha jua la moja kwa moja, na unyevu wa hewa uubakize kati ya asilimia 45 na 55. Kinachopasua mbao zaidi ni kupanda na kushuka kwake.

Tengeneza faili mbili zinazofanana. Zieleze vipimo, uwiano, picha za kabla na baada, kila hitimisho na ngazi yake, kila gundi na rangi uliyotumia na mahali ulipoitumia. Vipande vya uzi wa zamani na vifuko vya vidondokavyo viambatane na faili. Moja uiweke nyumbani, nyingine uitie kwenye bahasha isiyo na asidi na kuibandika chini ya kitako. Iandike kwa penseli, kwa kuwa wino wa kalamu ya kawaida hupauka.